Nani Anaongea na Mama?

9 Januari

Dada,

Shikamoo. Kama kweli ni wewe unayesoma, najua umeshacheka kuona nimeandika kwenye karatasi ya daftari la Jiografia, na nyuma yake kuna nusu ya ramani. Nilikwenda kutafuta karatasi za barua kwenye duka la shule. Muuzaji akaniuliza, "Barua? Unamwandikia mzimu?" Nikaondoka bila kumjibu. Unanijua mimi na watu wa dukani. Majibu yangu huja nikiwa nimeshafika nyumbani.

Sisi ni wazima. Goti la Mama linauma asubuhi tu, mchana linamsahau. Paka amezaa watoto watatu ndani ya kasha la redio la marehemu Baba, na Mama amekataa wahamishwe. Maji ya kisima yamezidi chumvi, sabuni haitoi povu hata ukisugua mpaka uchoke. Nyanya za Mama zimeungua kuanzia ncha za majani. Kwenye kichochoro chetu nyumba tano zimefungwa, na mbili kati ya hizo wenyewe wameondoka hadi na mabati. Fundi cherehani wa jirani anasema siku hizi hashoni nguo, anashona mifuko ya kuhamia tu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Nitaliandika haraka kabla sijaogopa.

Tangu Oktoba, ujumbe wa sauti unaokuja kwenye simu ya Mama kila Ijumaa hauanzi na ngo, ngo. Unajua ninachosema. Baba alitufundisha tukiwa wadogo pale kwenye meza yake ya kutengeneza redio: kabla ya kusema chochote kwenye kipaza sauti, gonga mara mbili kwa ukucha, kwa sababu hakuna mtu mwenye adabu anayeingia bila kubisha. Wewe hukuwahi kusahau. Hata siku ile uliyompigia Mama ukilia, uligonga kwanza, ndipo ukalia.

Mama alikuuliza. Jibu likaja, "Nimesahau, Mama, nina haraka." Sauti ni yako. Lakini Dada, wewe ukiwa na haraka unaongea huku unatafuna, unamfokea kondakta, unapiga chafya. Huyu hatafuni. Huyu hapigi chafya. Anamaliza sentensi, ananyamaza, anaanza nyingine.

Na kuna hili. Mwezi wa nane ulisema chumba kipo, tuje. Sasa gari la maji linaloleta maji mtaani litasitishwa mwisho wa Aprili, na Mama ameshaanza kugawa sufuria. Lakini huyu wa kwenye simu anasema, "Subirini kidogo." Kila wiki, subirini kidogo. Ukiombwa kupiga simu tuonane uso kwa uso, kamera mbovu.

Mimi sina simu, na simu ya Mama siiamini tena. Ndiyo maana naandika kwa anwani ya kazini kwako, ile iliyokuwa kwenye bahasha ya kwanza uliyotutumia. Nijibu kwa mkono wako mwenyewe. Na jibu swali hili: tulizika nini nyuma ya bafu siku Mama alipokwenda kliniki?

Usipolijibu nitajua. Sijui nitafanya nini, ila nitajua.

Mdogo wako,
Bi Kamusi


3 Februari

Bi Kamusi,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ilinikuta ofisini. Mlinzi aliileta ameishika kwa vidole viwili kama ameshika mkia wa panya, maana hapa hajawahi kuona bahasha yenye stempu. Nimeisoma mara nne. Nimeigeuza nikasoma na nusu ya ramani.

Tulizika spika ya redio ya mteja wa Baba. Wewe ndiye uliyeitoboa kwa penseli ukitaka kuona mtu anayeongea ndani. Mimi nilichimba shimo. Baba alitafuta spika ile wiki nzima, na tangu hapo akaniita mimi Spika, nikabaki najiuliza kama alijua. Umeridhika?

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Bado niko kwenye kampuni ileile ya sauti. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta wenye bomba la maji machafu, na kwenye bomba hilo njiwa wawili wamehamia bila kuomba ruhusa.

Kuhusu kubisha, ni haraka tu. Siku hizi naandaa ujumbe nikiwa kazini. Kamera iliingia maji. Kuhusu kuja, chumba kina unyevu, kinatakiwa kupakwa rangi kwanza. Wewe soma, una mitihani. Watoto wa paka wanaitwaje?

Usimwambie Mama kwamba umeniandikia.

Dada yako,
Spika


27 Februari

Dada Spika,

Shikamoo. Watoto wa paka hawajapewa majina, kwa sababu Mama anasema ukishampa mnyama jina huwezi kumwacha. Hapo nilielewa kwamba anahesabu siku. Mtihani wa nusu muhula nimefaulu, isipokuwa ule wa kuongea mbele ya darasa. Nilisimama dakika mbili nzima, nikasema "Mabibi na mabwana," nikakaa.

Nilichukua madaftari yako ya zamani nikayaweka pembeni ya barua yako. Herufi ya g yenye mkia mrefu ni yako. Kwa hiyo uko hai. Nilikuwa na wazo baya sana, Dada, na sitaliandika. Siku barua ilipofika nilikwenda kukaa bafuni nikafungua bomba ili nisisikike, na bomba lenyewe halina maji, kwa hiyo nilisikika.

Lakini kujua uko hai kumenifanya nikushuku zaidi. Kama uko hai, kwa nini unadanganya?

Umeandika: nakula, nalala, nakwenda kazini. Hukuandika naongea. Wewe, ambaye nyumba ya tatu walikuwa wanajua unachokula!

Nikaamua kumjaribu huyu wa Ijumaa. Nilimshawishi Mama akueleze kisa cha fundi cherehani, jinsi alivyojishona mkono wa gauni lake kwenye suruali ya mteja, akainuka kupokea simu, na mteja wa watu akaburutwa hadi mlangoni. Mama alikieleza vizuri, hadi alishindwa kumaliza. Dada, kwa kisa kama hicho wewe ungeanguka chini. Unajua tulijibiwa nini? "Hahaha. Inachekesha sana, Mama. Msalimie fundi." Ha-ha-ha, tatu, zote urefu mmoja, kama ngazi.

Mama aliitazama simu. Aliniambia nikaanue nguo.

Na sijamaliza. Idara ya maji imeweka namba ya simu ya kuuliza gari la maji litakuja lini. Mama huipiga mara nyingi sana, hata siku ambazo gari limeshakuja. Wiki iliyopita alikuwa anaosha mikono akaniambia nimpigie. Nikasikia: "Ndugu mteja, mtaa wako utapata maji siku ya Jumanne. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Ni wewe. Ni sauti yako. Nilipiga tena, na tena. Kisha nikafungua ujumbe wa Ijumaa, nikasikiliza mmoja baada ya mwingine. Anayemwita mtu "ndugu mteja" na anayemwita mtu "Mama" ni mmoja, na wote wawili, nikisikiliza vizuri, hawavuti pumzi.

Nilikwenda maktaba ya shule. Hakuna kitabu kilichonisaidia, lakini mtunza maktaba alisema zipo mashine zinazoweza kujifunza sauti ya mtu na kusema maneno ambayo mtu huyo hajawahi kuyasema. Alisema kwa furaha, kama habari njema.

Nani ameishika sauti yako? Nani anaongea na Mama?

Bi Kamusi


14 Machi

Mdogo wangu,

Nimepata barua. Nipe muda kidogo. Nakuomba, usimwambie Mama. Rangi bado haijakauka.

S.


25 Machi

Dada,

Shikamoo. Goti la Mama limeanza kumuuma na mchana. Paka amehamisha watoto wake mwenyewe, hatujui wapi.

Rangi gani isiyokauka miezi miwili?

Mistari minne, Dada. Mimi nakunyima usingizi kwa kurasa tatu, wewe unanitumia mistari minne. Nimeanza kufikiri mambo ambayo sipendi kuyafikiri. Kwamba una watu wengine hapo na unaona haya kutuonyesha. Kwamba umeiuza sauti yako na sisi tukiwemo. Kwamba kuna mtu kazini anayesoma barua zangu kabla yako, na ndiye anayekuambia uandike nini. Kila ninapofikiri, wewe hupo pale kunikanusha.

Fundi cherehani ameondoka jana. Mama amebakiza sufuria mbili na kasha la redio. Nyumba ya kulia haina mtu, ya kushoto haina mtu. Ukikohoa jikoni unajisikia mwenyewe ukirudi.

Mama ameamua. Tutakuja Mei mosi au baadaye kidogo, ukiwa umesema karibu au hukusema. Nisipopata ukweli kabla ya hapo nitamwambia yote ninayoyajua, hata kama nitasimama kama siku ile ya darasani. Sitampakia Mama kwenye basi siku nzima kwenda kwa mashine.

Mdogo wako, kama bado ni mdogo wako


8 Aprili

Bi Kamusi wangu,

Nakusalimu na kukupa pole kwa yote niliyokubebesha. Fundi cherehani kuondoka kumeniuma. Ndiye aliyenishonea sare ya kwanza ya shule, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mwambie Mama asiviache vile visufuria viwili.

Hakuna mtu anayesoma barua zako. Hakuna mtu mwingine ninayemficha. Sasa sikia. Nitaandika haraka kabla sijaogopa, kama wewe.

Sina sauti.

Unakumbuka nilipoajiriwa? Walipenda sauti yangu kuliko za wote. Walinifungia kwenye kijumba kidogo kilichozungushiwa sponji, bila dirisha, saa nane kwa siku, nikisoma sentensi kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Nimesoma sentensi elfu kumi na nne. "Bonyeza moja." "Samahani, sijakuelewa." Ile ya "tunaomba radhi kwa usumbufu" niliisoma kwa namna kumi na moja: ya huzuni kidogo, ya huzuni sana, ya haraka. Msimamizi alikuwa akinikatiza: "Hapo nimesikia unakotoka. Rudia. Ongea kama mtu asiyetoka popote." Nikarudia. Nilikuwa narudi nyumbani nikimsalimia mwenye nyumba kwa sauti hiyo ya mtu asiyetoka popote, naye ananiuliza kama nimekasirika.

Julai sauti ikaanza kukwaruza. Nikadhani ni mafua. Nikanywa maji ya moto, nikaendelea. Septemba daktari akaona uvimbe kwenye nyuzi za sauti, wakaukata, ukarudi, wakaukata tena. Kilichobaki ni mnong'ono, na nikiutumia sana siku hiyo, kesho yake haupo. Daktari anasema huenda kikarudi kitu, huenda kisirudi. Kampuni haikunifukuza. Imenihamishia chumba cha pili. Kazi yangu sasa ni kusikiliza mashine inayosema kwa sauti yangu na kuisahihisha inapokosea. Sauti ni yao, niliweka sahihi. Koo ndilo waliloniachia.

Siku ya kwanza baada ya hospitali ilikuwa Ijumaa. Nilijua Mama atasubiri ujumbe, na maandishi madogo ya simu hayaoni. Tuna fundi wa mitambo hapa tunamwita Waya, kwa wembamba wake. Alinionea huruma, akanionyesha: unaandika, mashine inasema. Nikaandika, "Mama, mimi ni mzima." Ikasema. Nililia, si kwa huzuni tu. Ilisema vizuri kuliko mimi.

Nilidhani ni ya wiki moja. Kubisha sikukusahau hata mara moja. Nilimuuliza Waya kama tunaweza kuongeza ngo ngo mwanzoni. Akasema mashine inajua maneno tu. Nikasema basi. Nilipaswa kugonga mwenyewe na kutuma mlio wa ukucha peke yake, lakini wazo hilo halikunijia hata kidogo. Nilifikiri asiye na la kusema hana haki ya kubisha.

Kuhusu maji. Sikujua, Bi Kamusi. Sentensi zinakuja bila anwani. Desemba nilisahihisha moja: "Huduma ya gari la maji itasitishwa tarehe thelathini Aprili." Mashine ilikuwa inalivuta neno "itasitishwa" vibaya, nikalirekebisha, likatoka laini kabisa. Barua yako ilipokuja ndipo nilipojua ni kwa nani nililainisha.

Niliwaambia msubiri kwa sababu mkifika mtajua. Nikiingia kwenye lifti ya ofisi, mimi ndiye ninayejiambia mlango unafungwa. Benki ni mimi. Wamejaa mimi, mdogo wangu, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumwambia Mama "karibu" akalimaanisha. Mama aliwaambia watu wote sokoni kwamba mwanawe ameajiriwa kwa sauti. Nilishindwa kumwonyesha kilichobaki.

Chumba hakina unyevu. Kipo. Vitanda viwili, na godoro la tatu lipo kwa Waya.

Sasa nina ombi, na najua nakuomba wewe, si mtu mwingine, jambo gumu kuliko yote. Mwambie Mama. Mimi siwezi kuandika akasoma, na siwezi kuituma mashine iseme kwamba sisemi. Spika imetobolewa tena. Safari hii wewe ongea.

Dada yako


21 Aprili

Dada Spika,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti. Paka tumempata. Alikuwa amewahamishia watoto kwenye mashine ya kushonea aliyoiacha fundi, kwenye droo ya nyuzi. Mama amewapa majina wote watatu, kwa hiyo tunakuja nao. Usishangae. Nimepita mtihani wa Fasihi. Goti ni lilelile.

Nimemwambia.

Nilitafuta siku nzuri siku tatu, haikupatikana. Mwishowe nilimwambia kwenye foleni ya gari la maji, mchana, jua kali, madumu mbele yetu kama watu wamekaa. Tulibaki wanne tu mtaani, kwa hiyo haikuwa hadhara kubwa. Mama alikuwa na simu sikioni, amepiga ile namba ya maji, na gari la maji limesimama mbele yake.

Nikasema, "Mama, huyo si Dada."

"Najua," akasema, bila kuondoa simu.

"Na wa Ijumaa pia si yeye."

"Najua, nimesema. Sogeza dumu."

Nikasogeza dumu. Nikasimama. Sikujua sentensi inayofuata, nilikuwa nimezipanga zote na hiyo haikuwemo.

"Umejua lini?" nikamuuliza.

"Nimemzaa, nimemlaza kifuani miaka miwili, nisijue pumzi yake? Huyu hana pumzi. Wa maji hana, wa Ijumaa hana. Nampigia huyu wa maji kwa sababu angalau yeye hajifanyi mwanangu. Ananiita ndugu mteja, tunaheshimiana." Akafunga simu. "Nilidhani ametuchoka. Nilijiambia, amepata watu wake, sisi ametuwekea mashine ituliwaze. Nikasema nisimsumbue, nitakwenda nimwone kwa macho, kisha nirudi zangu."

"Urudi wapi, Mama? Huku hakuna maji."

"Ndiyo maana nilikuwa sina haraka ya kusema."

Basi nikaongea. Dada, niliongea! Uvimbe, kijumba cha sponji, Waya, lifti. Niliongea mpaka dereva wa gari la maji akazima mashine ya pampu asikilize. Mama hakulia. Alikaa juu ya dumu, dumu likabonyea. Aliniuliza jambo moja tu: "Anaumwa akimeza?" Nikasema sijui, hukuandika. Akasema, "Hilo ndilo angeliandika kwanza."

Kisha akachukua simu, akabonyeza pale pa kurekodi, akagonga mara mbili kwa ukucha. Akatuma. Hakusema hata neno moja. Unajua hilo, uliupata. Ninachotaka ujue ni upande wetu. Tulibeba maji, tukafika nyumbani, tukamimina, na simu ikalia. Mama hakunipa mimi nifungue, alifungua mwenyewe, kwa kidole kilicholowa.

Ngo, ngo. Halafu pumzi yako. Halafu kitu kama unataka kucheka, kinakwaruza, kinakatika. Sekunde tisa.

Mama akasema, "Ndiye." Akaisikiliza tena. Mpaka sasa ninapoandika ameisikiliza mara nyingi kuliko nilivyoweza kufuatilia, na anamkatisha paka anapolia ili asikie vizuri. Namba ya maji hajaipiga tangu siku hiyo.

Bado nina shaka moja. Nashuku ulituficha siku zote hizo kwa sababu ulidhani tulikupenda kwa kelele zako. Kama ndivyo, ulikosea. Mimi nilizivumilia tu.

Basi linaondoka Jumamosi alfajiri, tarehe mbili Mei, na tutafika jioni. Tunazo sufuria mbili, kasha la redio, paka na familia yake. Nimefukua ile spika nyuma ya bafu, imeliwa na chumvi, imebaki duara la chuma, lakini tundu la penseli bado lipo. Naileta.

Ghorofa ya tatu, umesema. Tutagonga mara mbili. Usitafute neno la kutujibu, wala usimwite Waya akusaidie. Fungua tu.

Mdogo wako,
Bi Kamusi